Viti vya Tramu ya Observatory

Mwaka jana nilivisha viti vya tramu. Nikiwaambia hivyo wenzangu tunaosali pamoja hapa kusini mwa Johannesburg, wananitazama kwa huruma, maana jiji hili halina tramu. Lilikuwa nazo. Zilipita katikati ya barabara juu ya reli zilizofukiwa kwenye lami, zikila umeme kutoka waya wa juu, na ziliondolewa kabla mimi sijazaliwa huko Tanga. Aliyenieleza hayo ni mzee mmoja wa Kizulu, fundi wa mabasi aliyestaafu. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kibaraza changu mtaani La Rochelle, ninapofanyia kazi ya makochi, akanitazama nikishona kwa mkono, muda mrefu mpaka nikaanza kukasirika.

"Nikusaidie nini, Mkhulu?" nikamuuliza. Mkhulu ni babu kwa Kizulu, na ndivyo nilivyoendelea kumwita mpaka leo.

"Mshono huo nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Wengine wote barabara hii wanapiga pini tu," akasema. "Basi nilikuwa nakutafuta wewe."

Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunitafuta. Wateja wananipigia kuuliza kochi lao limefika wapi, hilo ni jambo jingine. Mke wangu alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, nami nilikuwa naishi chumba kimoja cha kupanga nyuma ya duka la vifaa vya simu, chumba ambacho kinasikia redio ya kila jirani isipokuwa yangu, kwa sababu yangu siiwashi. Nilikubali kazi kabla sijauliza ni kazi gani.

Banda lenyewe lilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu. Kikundi cha wastaafu wapenda magari ya kale wamelikodi, na humo ndani tramu zimepangwa kwa umri, kuanzia ya zamani kabisa. Ya kwanza ni ya mbao, ndogo, iliyovutwa na farasi. Inayofuata ni ya umeme ya mwanzoni, na dereva wake alisimama nje penye mvua na upepo kwa sababu hakuna aliyefikiria kumwekea kioo. Kisha zinakuja zile za ghorofa, zikaongezewa paa, zikaongezewa vioo, zikaongezewa viti vya ngozi, kila kizazi kikimwonea abiria huruma zaidi kidogo kuliko kilichotangulia. Ya mwisho ni ya mviringo, ya fahari, imepakwa rangi mpaka unajiona uso, na Mkhulu aliniambia hiyo ndiyo haikukaa sana barabarani. Ilipofika, wakubwa wa jiji walikuwa wameshayapenda mabasi. Reli nyingine ziling'olewa, nyingine zikafunikwa lami zikiwa hivyo hivyo, na mabodi yakauzwa kwa yeyote mwenye gari la kuyavuta. Yakawa vyumba vya wageni mashambani, yakawa mabanda ya kuku.

Yetu ilikuwa banda la kuku. Ilikuwa tramu ya ghorofa, ya njia ya kupanda mlimani, mtaa wa Observatory, na walipoipata huko shambani kuku walikuwa bado wapo. Mafundi wengine walikuwa wameshamaliza mbao, chuma na rangi. Vilibaki viti vya chini, kumi na vinne, kila kimoja cha watu wawili. Nilipoingia mara ya kwanza ndani hamna kitu, sakafu tu na matundu ya skrubu, na harufu ya kuku haijatoka mpaka leo, waseme watakavyo.

Nilimuuliza Mkhulu swali ambalo labda halikuwa la adabu. Nilimuuliza kama yeye na watu wake walikuwa wakiruhusiwa kupanda.

"Hii? Hapana. Sisi tulikuwa na zetu, chache, na ukiisubiri unachelewa kazini. Mama yangu alikuwa akifua nguo kwa watu huko Observatory. Aliupanda mlima ule kwa miguu, tramu inampita."

"Sasa unaitengeneza ya nini?"

Akafikiri. "Nataka kukaa," akasema.

Kabla sijaendelea na viti niseme habari za binti yangu, kwa sababu kwangu mimi kazi ile yote ilikuwa juu yake. Ana miaka ishirini na saba. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila akifungua mdomo hutoka Kiingereza, au Kizulu kama amekasirika. Mimi Kiingereza changu ni cha makochi: naweza kukwambia rangi, kitambaa, na siku ya kuja kuchukua. Kati yetu alikuwepo mama yake. Yeye alikuwa na Kiswahili chetu cha Tanga, na Kizulu alichokiokota sokoni akiuza vitenge, na moyo wa kukaa na mtoto wakazungumza mpaka chai inapoa. Mimi nilikuwa natuma tu. Mwambie mtoto avae sweta. Mwambie mtoto nimefurahi amefaulu. Mtoto mwenyewe ameketi pale pale, anasikia, ananyanyua macho kumtazama mama yake ili aambiwe. Hatukuona ubaya wowote. Nyumba nyingi za kwetu huendeshwa hivyo, baba anatuma maneno na mama anayafikisha, na watoto wanakua.

Siku aliyofariki mke wangu nilikuwa pembeni ya kitanda chake hospitalini tangu saa moja asubuhi. Saa mbili alifumbua macho akasema, "Mwite mtoto." Nilimsikia vizuri. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamwambia, "Wewe pumzika, ukipata nafuu utampigia mwenyewe." Akasema tena, "Mwite." Nikamfunika miguu. Saa tano akakata roho. Binti yangu alikuwa kazini Midrand, kwenye ghala la mizigo, na kutoka kule hadi hospitali ile mchana hata saa moja haifiki. Na hata baada ya hapo sikumpigia mimi. Nilimpigia jirani yetu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, msusi, nikamwambia, "Naomba umwambie mtoto." Kwa hiyo binti yangu alipewa habari ya mama yake na msusi, kwa simu, akiwa amesimama kati ya marundo ya maboksi. Tulizika siku ile ile baada ya Alasiri, kama ilivyo ada yetu. Alipofika, mama yake alikuwa ameshavikwa sanda.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata pa kuanzia. Alianza tu kuja mara moja kwa mwezi, Jumapili, na mifuko ya vyakula. Anakaa saa moja na nusu. Ananiuliza dawa za presha, namwambia nameza. Namuuliza kazi, ananiambia kazi. Kisha tunatazama televisheni ya jirani kupitia dirishani, hatuisikii inasema nini, mpaka anasimama. Neno lile, mwite mtoto, sikumwambia. Kila Jumapili nilijiambia Jumapili ijayo, na miaka mitatu ikapita hivyo.

Basi mwaka jana, wiki ileile niliyopokea kazi ya tramu, akaja na habari. Kampuni yao imefungua ofisi Namibia, bandarini Walvis Bay, na wamempa cheo huko. Ataondoka mwisho wa mwezi. Nilisema hongera kwa Kiswahili, nikaisema tena kwa Kiingereza ili isipungue. Moyoni nilijua nisipomwambia uso kwa uso kabla hajaondoka sitamwambia tena, maana simu ndiyo iliyonishinda tangu mwanzo.

Nikamwambia habari ya tramu. Jumamosi ya tatu kuanzia siku ile kikundi kitafungua milango kwa watu, tramu yetu itavutwa hatua chache kwenye kipande cha reli kilichomo bandani. Nikamwambia aje.

"Tramu, Baba? Hapa Joburg?" Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka ndani ya chumba kile. "Sharp," akasema, yaani sawa. "Nitakuja."

Nikapanga kila kitu kichwani. Atakuja, atapanda, atakaa juu ya kiti nilichokivisha mimi, nitakaa pembeni yake na nitamwambia. Nilijidanganya kwamba mtu akikalia kazi ya mikono yako hawezi kuinuka na kuondoka hivi hivi.

Mkhulu aliniletea viti kibarazani kwa bakkie, yaani gari dogo la mizigo, vikiwa mifupa mitupu: makalio upande wake, migongo upande wake, chuma na mbao na mabaki ya zamani. Aliniletea pia marobota ya ngozi ya kijani iliyonunuliwa na kikundi. Kisha akaenda kufanyiwa upasuaji wa jicho, akasema atarudi baada ya wiki mbili, na tusigombane kwa simu kwa sababu daktari amemkataza kukasirika.

Nilifurahia kazi ile, siwezi kukataa. Ndani ya kiti kimoja nilikuta nyuzi ngumu za kahawia zilizoshindiliwa miaka na miaka, nikazinusa, nikaamua ni mkonge, tena mkonge wa kwetu Tanga. Sikuwa na ushahidi wowote. Ila hakukuwa na mtu wa kunibishia, na kitu kimoja ambacho upweke unakupa bure ni kushinda mabishano yote. Niliziosha, nikazianika, nikazirudisha. Nilishona kingo zote kwa mkono, mshono wa baba, ule unaojificha chini ya mkunjo. Nikaweka vifungo. Nikavuta ngozi mpaka ikalia nikiipiga kwa kidole.

Migongo nikaivisha kama tunavyovisha migongo ya makochi. Mbele ngozi ya kijani, safi, yenye vifungo. Nyuma kitambaa cheusi cha bei nafuu, kilichopigwa pini pembe zote. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo mafundi makochi wote wanavyofanya kutoka Tanga mpaka hapa. Nyuma ya kochi ni ya ukutani. Hakuna mgeni anayezunguka kwenda kutazama nyuma ya kochi, na akizunguka huyo hana heshima. Ngozi ikabaki karibu nusu robota, nikajisifu kwamba nimewaokolea mali, na nikawacheka kidogo kwamba hawa watu kupima hawajui.

Mkhulu alirudi Jumanne kabla ya ile Jumamosi, jicho moja limefunikwa. Tulipakia viti, tukavipeleka bandani, akaanza kufunga mgongo wa kwanza kwenye vyuma vyake. Nikaona anauning'iniza kwenye mikono miwili ya chuma pembeni, sehemu ambayo mimi nilidhani ni ya boliti tu. Akakaza. Kisha akaushika mgongo kwa juu akausukuma, nao ukazunguka wote, ukaenda upande wa pili wa kiti. Ngozi ya kijani ikawa nyuma. Mbele ikawa kile kitambaa changu cheusi na pini zake.

Mkhulu alitazama kwa jicho lake moja. Akausukuma tena, ukarudi. Akausukuma tena.

"Tanzania," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote, kama vile nchi nzima ndiyo iliyopewa kibarua. "Hii ni nini?"

Akanieleza polepole, bila kunicheka, na hilo lilinichoma zaidi. Tramu haigeuki. Ikifika mwisho wa njia dereva anachukua mpini wake wa kuendeshea, anatembea hadi upande wa pili, na huko kuna mtambo mwingine unamngoja. Kondakta naye anapita katikati akipindua migongo ya viti, kimoja kimoja, tap, tap, tap, ili abiria watazame wanakokwenda. Kila mgongo unaegemewa pande zote mbili. Kupanda Observatory unaegemea huku, kushuka unaegemea huku.

"Hapa hakuna ukuta," akasema.

Nilikaa sakafuni. Nina miaka zaidi ya thelathini na tano katika kazi hii, nimevisha makochi ya maaskofu na ya walioshinda bahati nasibu, na nilikuwa nimeharibu migongo kumi na minne kwa ujuzi. Mjinga angeuliza. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa najua. Kuitengeneza ilimaanisha kufungua kila mgongo, kutoa pini zote, kulegeza ngozi ya mbele na kuishona upya ikutane na ya nyuma kwa mkono. Ngozi ile iliyobaki, niliyowachekea, ilikuwa inatosha sawasawa. Lakini siku hazikutosha. Mkhulu alikwenda kuzungumza na wenzake ofisini, akarudi akasema wamesogeza shughuli wiki tatu mbele, na nisiwe na wasiwasi, tramu imesubiri kwenye mavi ya kuku miaka mingi kuliko hiyo.

Wiki tatu mbele binti yangu atakuwa Namibia. Alikuwa anaondoka Jumapili, siku moja tu baada ya ile Jumamosi.

Nilimwandikia ujumbe kwamba shughuli ya Jumamosi imeahirishwa. Akajibu baada ya muda mrefu, kwa Kiingereza: sawa Baba, hamna shida. Nilisoma maneno hayo mara nyingi nikitafuta kama ndani yake kuna huzuni au nafuu. Sikupata kitu. Nikarudi kung'oa pini.

Kazi ya kung'oa ni ya kuaibisha kuliko kazi ya kupiga, kwa sababu kila pini unaikumbuka uliipiga vipi. Nilifanyia pale pale bandani, ndani ya tramu, kwenye mwanga wa madirisha. Jumatano asubuhi nzima Mkhulu alikuwa nje akisugua taa ya mbele. Nilikuwa nikimfikiria mtoto ameketi nyuma yangu miaka yote ile, mimi nashona, mgongo wangu kwake, nikiamini kwamba upande ule hakuna anayetazama. Nililia kidogo. Sioni aibu kuandika hivyo, ngozi ililowa na ikabidi niifute.

Saa sita Mkhulu akapanda na chai. Akaniona macho. Nikamweleza yote, kwa Kizulu changu kibovu na mikono: hospitali, mwite mtoto, msusi, Walvis Bay. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipomaliza nikamwomba jambo, na nikikumbuka leo nataka kujizaba kibao. Nilimpa simu yangu. Nikamwambia, wewe una Kizulu kizuri, mpigie, mwambie baba yake anamwomba aje hapa kabla hajaondoka.

Mkhulu aliitazama simu ile mkononi mwangu, wala hakuipokea.

"Mimi ni fundi wa mabasi," akasema. "Siyo posta."

Akachukua kikombe chake akashuka. Nilikasirika, nikamtukana Kiswahili, kimoyomoyo na kidogo kwa sauti. Kisha nikapiga mwenyewe. Haikupokelewa. Nikapiga tena, haikupokelewa, na nilikuwa nimeshaanza kujisikia mwepesi, kwamba nimejaribu, nani atanilaumu, simu ikaita. Ni yeye.

"Baba? Kuna nini? Umeugua?" Sauti yake ilikuwa ya hofu. Ndipo nikajua kwamba kwake yeye simu kutoka kwangu haiwezi kuwa na habari njema.

"Siumwi," nikasema. "Nataka uje uone viti. Njoo kesho, au kesho kutwa. Si lazima Jumamosi."

"Kesho saa nane nina nafasi," akasema kwa Kiingereza. "Nitumie ramani."

Sijui kutuma ramani. Mkhulu alinitumia, hilo alikubali.

Alikuja Alhamisi saa nane, na sare ya kazi, na kadi yake ya ghala inaning'inia shingoni. Alimwamkia Mkhulu kwa Kizulu kwa heshima zote, akainama kidogo magoti, wakataniana jambo ambalo sikulipata lote ila nilisikia Tanzania ndani yake. Kisha Mkhulu akasema jicho linamuuma, anakwenda kukaa juani. Halikuwa linamuuma.

Nilimpandisha binti yangu. Nilikuwa nimemaliza migongo minne tu kwa pande zote, na hiyo minne ilikuwa imefungwa mahali pake. Nikamwonyesha inavyopinduka. Nikamweleza kosa langu. Alicheka mpaka akashika nguzo, kicheko cha mama yake kabisa, kile kinachoanzia puani. Akapindua mmoja, akaurudisha, akapindua mwingine. Akapitisha kidole kwenye mshono, akauliza mshono unaishia wapi maana hauonekani, nikamwambia ndiyo maana yake. Akaketi dirishani.

Nikaupindua mgongo wa kiti cha mbele yake, nikaketi kumtazama. Magoti yetu yalikaribia kugusana. Nilikuwa nimepanga maneno, mengi tu, na sikuliona hata moja. Nilitazama pembeni, nikijikuta namtafuta mtu wa kumtuma. Alitazama saa yake. Nilijua akiinuka imekwisha, na nilipiga moyo konde.

"Asubuhi ile," nikasema, "mama yako alisema nikuite. Alisema mara mbili. Saa mbili asubuhi. Sikukuita."

Nikaendelea kwa sababu sikuwa na breki.

"Simu nilikuwa nayo. Nilimwambia atakupigia mwenyewe. Niliogopa kukwambia. Sikujua nianze na neno gani. Na alipofariki nikamtuma jirani. Nilipaswa kukupigia mimi. Nisamehe, mwanangu."

Aligeuka akatazama dirishani, kwenye tramu nyingine iliyosimama pembeni yetu, tupu. Kisha akanijibu, na alinijibu kwa Kiswahili, polepole, Kiswahili cha Tanga kisicho na kasoro, ambacho sikuwa najua kwamba anacho kinywani.

"Najua, Baba."

"Unajua nini?"

"Kwamba aliniita. Nesi aliniambia, jioni ile, nilipokwenda kuchukua nguo zake. Alimsikia." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Nilikuwa nakuja kila mwezi. Nangoja."

Nilizipitia Jumapili zile zote kichwani, moja moja, na mifuko ya vyakula, na mimi nikimshukuru kwa vitunguu. Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nambeba yeye asiumie. Kumbe mtoto ndiye aliyekuwa akiubeba mzigo, anauleta mpaka mlangoni kwangu, anakaa nao saa moja na nusu, anarudi nao Midrand.

"Umenikasirikia?" nikauliza.

"Eish, Baba." Akacheka kidogo akilia. "Sana."

Alisema inabidi arudi kazini, ana vitu vya kukabidhi. Nilimsindikiza hadi getini. Hatukukumbatiana vizuri, nilimshika bega, na kadi yake ikakwama kwenye kifungo cha shati langu, tukahangaika kuikwamua. Akasema atanipigia akifika Namibia. Nikasema sawa. Akaingia garini, akarudi nyuma, akakata kona.

Nilisimama pale. Mkhulu alikuwa juani, amelala au anajifanya amelala. Viti kumi vilikuwa vinaningoja ndani. Nikatoa simu, nikatafuta jina lake, nikapiga kabla sijafikiri nitasema nini.

Alipokea mara moja. "Baba? Umesahau kitu?"

"Hapana," nikasema.

Nikatafuta la kuongeza, sikulipata. Lakini yeye hakukata, na mimi sikukata, nikawa nasikia kwenye simu ile taa yake ya kona ikigonga, tik, tik, tik, amesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, huko barabara kuu, anasubiri iwake kijani.